Presha: rosela, kitunguu saumu, mlonge, majani ya mparachichi au kidonge?

Ukipita Mwanjelwa hapa Mbeya, au Soko Kuu la Iringa, utakuta bidhaa zile zile: maua makavu ya rosela yakipimwa kwa kikopo, unga wa mlonge kwenye vifuko, kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi na asali, na siku hizi unga wa kokwa la parachichi, maana Rungwe na Njombe makokwa hayaishi. Kila muuzaji atakuambia chake kinashusha presha.

Mimi nauza dawa dukani, za hospitali, kwa hiyo unaweza kudhani nitakuambia uache yote hayo. Hapana. Wateja wangu hawaniulizi kama dawa za miti zinafanya kazi. Wananiuliza: "Mwanangu, kati ya hizi nichukue ipi?" Swali hilo linajibika, kwa sababu mimea hii haiko ngazi moja. Upo uliojaribiwa kwa watu na kupambanishwa na vidonge. Upo ulioishia kwa panya. Na upo mmoja wenye nguvu isiyo na ubishi, ambao ndio nisingempa mtu.

Maneno "imefanyiwa utafiti"

Neno hili liko kwenye karibu kila lebo, na huwa ni kweli. Shida ni kwamba linabeba mambo manne tofauti.

La kwanza linaishia kwenye kichupa cha maabara. Dondoo la mmea huchanganywa na kimeng'enya kinachoitwa ACE, ambacho mwili hukitumia kutengeneza kemikali ya kubana mishipa. Dawa kama kaptoprili na lisinoprili hushusha presha kwa kukizuia. Dondoo likikizuia, mmea umefaulu. Kipimo ni cha haraka, ndiyo maana orodha ya mimea iliyofaulu ni ndefu mno. Ila tanini, zile zinazokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea, hung'ang'ania protini yoyote iliyo karibu, na kimeng'enya ni protini. Mmea wenye tanini nyingi unaweza kufaulu hapo bila kuwa na lolote la maana kwa mgonjwa.

La pili ni kipande cha mshipa wa panya kilichotundikwa kwenye maji ya chumvi, kuona kama kitalegea. La tatu ni panya mzima, mara nyingi wa ukoo ulioanzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1963, ambao hupata presha wenyewe wanapokua. La nne ni binadamu wenye presha, wanaogawanywa kwa bahati nasibu: hawa wanapewa dawa, wale wanapewa kitu kinachofanana nayo kwa sura na ladha, na anayepima asijue nani kapewa nini.

Kutoka la tatu kwenda la nne ni mbali kuliko watu wanavyofikiri. Tuseme panya walipewa miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito, kiasi cha kawaida kabisa kwenye tafiti hizi. Kwa kanuni inayotumika kubadili dozi ya panya kuwa ya mtu, unagawa kwa 6.2, kwa hiyo mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 3.9. Hizo ni za dondoo, si za majani. Kama majani makavu yanatoa dondoo la sehemu 1 kwa 10, utahitaji karibu gramu 39 za majani kila siku. Kijiko cha chai cha unga wa majani ni gramu 2 hivi. Halafu maabara nyingi hukamua mmea kwa ethanoli au methanoli, wakati sisi tunachemsha kwa maji. Kinachotoka kwenye spiriti si lazima kitoke kwenye sufuria.

Rosela na kitunguu saumu

Hivi viwili ndivyo vilivyofika kwa watu, kwa hiyo nitakaa navyo kidogo.

Rosela, au choya kama wengine wanavyoiita, ina bahati moja kubwa: kilichojaribiwa kinafanana na kile unachokunywa. Rangi yake nyekundu ni anthosianini, na hizo huyeyuka vizuri kwenye maji. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda au imepanda kidogo, na hawakuwa wakitumia dawa. Nusu walikunywa vikombe 3 vya chai ya rosela kwa siku, nusu kinywaji chenye ladha hiyo lakini bila rosela. Baada ya wiki 6 namba ya juu ilishuka kwa pointi 7.2 kwa wanywaji wa rosela, na kwa 1.3 kwa wenzao. Wale walioanza na presha ya juu zaidi ndio walioshuka zaidi.

Meksiko nako kuna kisa cha kujifunzia. Mwaka 2004 watafiti walipambanisha rosela na kaptoprili kwa wiki 4. Wagonjwa wa rosela walikuwa wakinywa nusu lita kila asubuhi kabla ya kula, iliyotengenezwa kwa gramu 10 za maua makavu, na namba yao ya juu ilitoka 139 hadi 124 hivi. Haikupishana na kaptoprili kwa kiwango cha kuhesabika. Habari hii ndiyo inayozunguka kwenye simu zetu hadi leo: "rosela sawa na dawa ya hospitali." Kinachosahaulika ni jaribio la 2007 la watafiti hao hao, safari hii dhidi ya lisinoprili miligramu 10, mgonjwa na daktari wote wakiwa hawajui nani anatumia nini. Rosela ilishusha presha tena, lakini lisinoprili iliishinda. Jaribio la kwanza lilikuwa na kinywaji upande huu na kidonge upande ule, kila mgonjwa akikijua chake. Presha ni kitu kinachofuata hisia na matarajio ya mtu, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waafrika tulitazame kwa jicho letu. Kaptoprili na lisinoprili zikitumika peke yake huwa hazishushi presha vizuri kwa watu weusi kama amlodipini au dawa za kukojoza. Kwa hiyo kuwa sawa na kaptoprili hakumaanishi kuwa sawa na kile ambacho daktari wa Mbeya angekuandikia kwanza. Kwa upande wa rosela niseme pia kwamba huko Nigeria mmea huu ulipambanishwa na kidonge cha kukojoza cha hydrochlorothiazide kwa wiki 4 na ukatoka na sifa nzuri. Lilikuwa jaribio dogo na la muda mfupi, lakini ni la watu kama sisi.

Kitunguu saumu kimejaribiwa mara nyingi kuliko rosela. Uchambuzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2008 ulikusanya majaribio kadhaa na kukuta kwamba kwa watu wenye presha, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 8.4 na ya chini kwa 7.3. Ukitazama namba tu, kitunguu kimeipiku rosela ya Tufts kwa nywele. Mimi bado ningeiweka rosela mbele, kwa sababu ya kile kilichokuwa ndani ya chupa za majaribio. Wengi walipewa vidonge vya unga mkavu wa kitunguu, miligramu 600 hadi 900 kwa siku, kila kidonge kikiwa na kiasi kinachojulikana. Ile chupa ya asali na tangawizi haijapimwa na yeyote. Kemikali inayotafutwa, alisini, haimo kwenye kitunguu kizima. Huzaliwa pale unapokiponda, na huharibika kadiri inavyokaa. Ukikitupa kwenye mafuta ya moto mara tu baada ya kukata, kimeng'enya kinachoitengeneza kinakufa kabla ya kufanya kazi. Ponda, acha dakika 10, ndipo upike. Ile chupa iliyokaa mwezi mzima dirishani sijui kama ina zaidi ya harufu.

Halafu kitunguu kina ugomvi na dawa nyingine. Kikitumika kwa wingi huifanya damu ichelewe kuganda, na wagonjwa wengi wa presha wameandikiwa aspirini ndogo au wafarini, ambazo kazi yake ni hiyo hiyo. Kuna pia utafiti wa Marekani ambapo vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza dawa ya VVU iitwayo sakwinaviri kwenye damu kwa karibu nusu. Dawa hiyo siyo inayotolewa kwa kawaida kwenye kliniki zetu leo, lakini Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza kwa maambukizi nchini, na anayemeza ARV afikirie mara mbili kabla ya kumeza kitunguu kwa vidonge au kwa vikombe. Kwenye mchuzi hakuna neno.

Rosela nayo ina masharti. Usiichemshe saa nzima, joto linaua ile rangi. Mimina maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja. Ukiweka vijiko vinne vya sukari umeanza ugonjwa mwingine. Mjamzito aiache. Anayetumia tayari kidonge cha presha asiongeze nusu lita ya rosela kimyakimya, maana viwili vikivuta upande mmoja kuna siku atasimama kitandani na kuanguka.

Mlonge na mparachichi

Mlonge nitaupitia haraka. Ni mti wa joto. Huku kwetu kwenye baridi unga wake huletwa kutoka mabondeni. Watafiti wa Pakistani walitoa kwenye majani yake kemikali zinazoshusha presha ya panya, miaka ya 1990, na tangu hapo ushahidi wa kwa binadamu umebaki mwembamba. Kama mboga ni bora sana, kula. Kama dawa ya presha, bado haijafika ngazi ya nne kwa maana yoyote ya kuitegemea. Mizizi na magome yake usiyaguse, hasa kama una ujauzito.

Mparachichi ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu uko kila uwanja kuanzia Tukuyu hadi Njombe na ni wa bure. Majani yake yamejaribiwa kwenye mishipa na miili ya panya, Nigeria na kwingineko, na kweli mishipa ililegea. Lakini majani hayo hayo yana sumu iitwayo pasini. Mbuzi, kondoo na sungura waliokula majani ya mparachichi wamewahi kuharibika misuli ya moyo. Anayetafuta dawa ya moyo anapaswa kulitafakari hilo kabla ya kubandika sufuria.

Mtu akikuambia kuwa Wameksiko hupikia majani ya parachichi na hawafi, anasema kweli, ila wanatumia majani ya aina ya Kimeksiko, yale yanayonukia kama anisi. Wanyama waliodhurika walihusishwa zaidi na aina ya Kiguatemala, na Hass, hiyo ambayo mashamba yetu yanaisafirisha nje, ni chotara yenye damu ya Guatemala pia. Ongeza na viuatilifu vinavyopuliziwa kwenye mashamba ya biashara. Unga wa kokwa nao sina jaribio la watu wenye presha la kukuonyesha. Tunda lenyewe ndilo lenye faida: kwenye kila gramu 100 kuna karibu miligramu 485 za potasiamu, madini yanayosaidia mwili kutoa chumvi. Kula tunda, majani waachie miti. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye aulize kwanza, maana potasiamu ikizidi kwake ni hatari.

Msesewe

Kando ya mito kwenye misitu ya nyanda za juu kuna mti ambao Wachaga wanaujua kwa jina la msesewe, kwani gome lake huingia kwenye mbege, pombe yao ya ndizi. Kitaalamu ni Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyeufungulia ulimwengu dawa za presha kutoka kwenye mimea. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha kwenye jarida la Uingereza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa presha kwa mizizi yake, na mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakaitoa resepini kutoka humo. Ilitumika duniani kote kwa miaka mingi.

Kwa kigezo cha nguvu, basi, ukoo huu umewashinda wote niliowataja. Ndiyo maana nauogopa. Dozi ya resepini ni robo ya miligramu kwa siku au chini ya hapo, kiasi ambacho jicho hukiona kwa shida. Gome hutofautiana kutoka mti hadi mti, na kutoka msimu hadi msimu, kwa hiyo konzi moja leo na konzi moja kesho si dozi moja. Ikizidi, mapigo ya moyo hupungua, pua huziba, vidonda vya tumbo huamka, na mtu anaweza kuzama kwenye huzuni nzito isiyo na sababu. Mganga akikupa gome chungu na presha ikaporomoka kwa siku tatu, usishangilie. Uliza ni mti gani.

Kidonge

Kidonge kimoja cha presha kwa dozi ya kawaida hushusha namba ya juu kwa wastani wa pointi 9 hivi. Utaona kwamba haijaiacha mbali rosela yenye 7. Mjomba mmoja mkulima wa viazi aliniuliza hapo hapo: sasa kwa nini ninunue? Swali la haki kabisa.

Jibu ni kwamba hatutibu namba. Tunazuia kiharusi, moyo kuchoka na figo kufa, na hilo vidonge vimelithibitisha kwa kufuatilia watu kwa miaka. Jaribio la ALLHAT la Marekani na Kanada, lililotoa matokeo mwaka 2002, lilikuwa na watu 33,357. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kila pointi 10 zinazoshushwa kwenye namba ya juu hupunguza kiharusi kwa karibu asilimia 27. Rosela imefuatiliwa kwa wiki 4, wiki 6. Haijapata jaribio la ukubwa wala urefu huo. Na jaribio la CREOLE la mwaka 2019, kwa wagonjwa 728 wa nchi 6 za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, lilionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na dawa nyingine hufanya vizuri zaidi kwetu kuliko mchanganyiko usio nayo. Mmea gani wa sokoni umefanyiwa hivyo?

Wengi wanaokimbilia miti hawavikimbii vidonge kwa imani. Wanakimbia kuvimba miguu kwa amlodipini, kikohozi kikavu cha lisinoprili, au kwenda chooni kila saa kwa dawa ya kukojoza wakiwa kwenye basi la Dar. Mwambie daktari. Ukikohoa kuna losartani. Miguu ikivimba dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Kuhama kutoka kidonge kwenda kidonge ni salama kuliko kuhama kutoka kidonge kwenda kikombe. Vikombe tumeviona: mwaka 2011 nchi nzima ilipanda kwenda Loliondo kunywa kikombe kimoja cha shilingi 500, na presha ni ugonjwa wa kila siku.

Nani achukue nini

Mama ambaye kipimo chake ni 135 hadi 149 kwa namba ya juu, hana kisukari, hana ugonjwa wa figo wala moyo, hajawahi kupata kiharusi, na daktari amemwambia apunguze chumvi kwanza na arudi: huyo rosela inamfaa. Ikae pembeni ya kupunguza chumvi, chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula. Nikilinganisha rosela na kitunguu kwa ajili yake, namchagulia rosela kama kinywaji na kitunguu kama kiungo.

Baba wa 160 na kuendelea, au mwenye kisukari, au aliyewahi kupooza hata kidogo: kidonge, leo. Rosela akiipenda anywe kikombe cha kawaida na daktari ajue. Mjamzito asichukue chochote kwenye meza hizo; presha ya mimba ni ya kliniki peke yake. Ikisoma 180 kwa 120 ikiwa na maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kutoona au mdomo kwenda upande, usikae kuchemsha kitu. Nenda hospitali.

Ukinunua iliyofungashwa, muulize muuzaji namba ya usajili. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na mwenye dawa halali hapandwi na hasira akiulizwa.

Na kama umeamua kujaribu rosela, ijaribu kama mtafiti. Wanaonipigia kuniambia "imeshuka!" mara nyingi walipima siku ile waliyokuwa na kichwa kinauma na wamepanda kilima cha Forest kwa miguu, kisha wakapima tena wiki mbili baadaye wakiwa wamekaa. Hata maji matupu yangeshusha presha hiyo. Fanya hivi: kabla ya kuanza, pima siku 7, asubuhi na jioni, mara mbili kila unapoketi. Kaa dakika 5 kimya kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Kitambaa cha mashine kiwe cha mkono wako. Kikiwa kidogo kwa mkono mnene kitakudanganya kwa kupandisha. Tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Kunywa rosela kwa wiki 6 bila kubadilisha kitu kingine, kisha rudia siku 7 hizo hizo. Wastani wa nyumbani ukiwa bado ni 135 kwa 85 au zaidi, chukua daftari hilo uende nalo kliniki, na rosela ibaki kuwa kinywaji.